Saa Aliyonipa Dada

Jumamosi, 9 Machi

Dada ameniletea saa. Hakuja mwenyewe, mvua imempa kisingizio kizuri. Ameituma kwa basi, imeviringishwa kwenye taulo kama yai. Ni ile saa yake ya zamani ya kupima hatua, usingizi na mapigo ya moyo, maana yeye kanunua mpya.

"Umri huu si wa mchezo, mdogo wangu," aliniambia kwenye simu. "Arobaini na tisa. Jiangalie."

Nikamjibu kwamba najiangalia kwenye kioo kila asubuhi na ninayoyaona yananitosha. Hakucheka.

Mume wangu ndiye aliyeiunganisha na simu yangu. Yeye ni kinyozi, na ana imani na kila kitu chenye chaja. Dada alimpa namba ya siri, wakaongea weee, wakacheka. Nilikuwa jikoni, sikusikia walichocheka.

Dada hajawahi kunipa kitu kikaja peke yake. Hata magauni yake niliyorithi utotoni yalikuja na maelekezo.

Jumatatu, 11 Machi

Saa inasema leo nimepiga makasia kwa muda mrefu na inanipongeza. Nilikuwa napiga pasi mashuka.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua haijakata tangu juzi. Ikinyesha hivi, karakana yetu ya dobi inageuka pango. Mashuka ya hoteli hayakauki, mashine ya kukaushia inakohoa, na sisi wa pasi tunamalizia kwa moto kazi ambayo jua lingeifanya lenyewe. Mimi ndiye msimamizi wa meza ya pasi. Kwa haki ningekaa kwenye kiti nikaelekeza wengine, lakini foronya za wenzangu zinatoka na mikunjo mingi kuliko shingo yangu, kwa hiyo nasimama nao.

Nyumbani kuna Mama. Tangu apatwe na kiharusi mwaka jana, upande wake wa kulia umelala, na lazima ageuzwe usiku asije akapata vidonda. Mchana jirani anakuja kukaa naye. Usiku ni mimi. Tulikubaliana na Dada, Mama mwenyewe akisikia: mimi nimalize msimu huu wa mvua, kisha zamu iwe yake. Dada ni msajili wa chuo, anaishi peke yake kwenye nyumba kubwa, bafu liko chini, hakuna ngazi za kumtesa mgonjwa.

Naandika haya kwa sababu jana aliniambia, "Tutaona mvua zikiisha." Mwaka jana hakusema tutaona. Alisema namchukua.

Jumanne, 19 Machi

Leo nimepata jambo la kuniweka macho.

Mchana nilikorofishana na mteja mmoja aliyeleta kitambaa cha meza kikiwa na doa la mvinyo halafu akadai doa ni la kwetu. Nilikuwa na haki, lakini nilipandisha sauti. Jioni Dada akapiga simu. Hata salamu hatujamaliza:

"Saa nane mchana ulikuwa na nini? Moyo wako ulikimbia."

Nilishika simu nikaitazama kana kwamba yeye yumo ndani.

"Umejuaje?"

"Si saa? Bado naiona kwenye simu yangu. Punguza hasira, unajua ugonjwa wa Mama ulianzaje."

Nikasema nilipanda ngazi. Karakana yetu haina ngazi. Yeye hajui, hajawahi kufika.

Jumatano, 20 Machi

Kapiga tena. "Jana umelala moja kwa moja mpaka alfajiri. Mama aligeuzwa saa ngapi?"

Aligeuzwa na mume wangu, kwa sababu aliniona nimechoka akaamka yeye. Nilimweleza. Akasema, "Aa, basi sawa," kwa ile sauti yake ya dirishani chuoni, anapomwambia mwanafunzi kuwa amemwelewa.

Sasa naiona picha yote. Hii saa si ya moyo wangu. Ananitafutia kosa. Zamu yake ikifika atasema Mama hakutunzwa vizuri, amedhoofika, sasa hafai kuhamishwa. Au atasema mimi ndiye mgonjwa. Kwa vyovyote atakuwa na ushahidi, na ushahidi nitakuwa nimeuvaa mwenyewe mkononi.

Jumapili, 24 Machi

Nilimuuliza mume wangu: siku ile mlicheka nini na Dada?

"Siku ipi?"

"Ya saa."

"Mambo ya kawaida tu, bibie."

Kinyozi akikosa la kusema, jua lipo analolificha. Akaanza kunoa mkasi uliokuwa mkali tayari.

Alhamisi, 28 Machi

Ajabu ya leo: nilifungua simu mchana, ikaniambia nimelala mpaka saa nne asubuhi. Saa nne nilikuwa nimeshamaliza mashuka ya ghorofa nzima. Mashine gani hii isiyojua kulala na kusimama? Na hiyo ndiyo Dada anayoiamini kuliko mdomo wangu.

Jumanne, 2 Aprili

Naona haya kuandika, lakini hakuna mwingine anayesoma hapa. Nimeanza kuigizia saa. Jana nilipokwisha kumgeuza Mama, badala ya kurudi kulala, nilizunguka kitanda chake mara kadhaa nikitupa mikono, Dada aone kwamba usiku niko kazini.

Mama alifungua macho. Maneno yake siku hizi yanatoka moja moja, kama mtu anayechambua mchele.

"Kitinda. Unacheza?"

Ndivyo anavyoniita, mimi nikiwa kitinda mimba wake.

"Natembea, Mama."

"Unakwenda wapi?"

Nikalala.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Mashuka. Dada hajapiga. Hilo nalo linanitia shaka.

Jumapili, 7 Aprili

Nilikwenda kwa fundi simu pale kona, nikampa simu na malalamiko: saa ina kichaa, inasema nalala mchana. Ni msichana mwenye kucha ndefu, anafanya kazi kwa ncha za kucha kama ndege anayedonoa. Akabonyeza, akabonyeza, akatabasamu.

"Saa yako ni nzima, mama. Hii akaunti ina saa mbili. Hii ya kwako, na hii nyingine. Ukigusa hapa unaona ya kwako, ukigusa huku unaona ya mwenzio. Wewe ulikuwa unagusa bila kujua."

"Mwenzangu nani?"

"Sasa mimi nitamjuaje? Ila anapenda usingizi."

Nilitoka pale mvua inanipiga na sikufungua mwavuli. Dada ananiona, na mimi namwona. Na huyo anayelala mpaka saa nne asubuhi siku za kazi ni yeye.

Alhamisi, 11 Aprili

Siku nne sasa namchunguza. Naifungua simu chooni kazini, kama msichana mwenye barua ya mchumba. Asubuhi, amelala. Karibu na adhuhuri anaamka, anatembea kidogo, pengine mpaka jikoni. Kisha hatua zinakoma. Moyo wake unapiga polepole, polepole, kama bomba lisilofungwa vizuri.

Leo nilimpigia saa nne na nusu.

"Uko wapi, Dada?"

"Mkutanoni, mdogo wangu. Nimetoka nje mara moja kukupokea. Kuna nini, ni Mama?"

"Mama hajambo. Nilitaka kukusalimu."

Niliangalia simu baada ya hapo. Hakutoka mkutanoni wala hakuingia. Hakuinua hata mguu mmoja.

Nakiri nilisikia raha. Miaka yote hii yeye ndiye wa kuamka mapema, yeye ndiye wa nidhamu, yeye ndiye mfano. Kumbe. Mimi naota sugu kwa pasi na kumwinua Mama, yeye kajifunika blanketi ananiuliza nimeamka usiku mara ngapi!

Jumanne, 16 Aprili

Nimemwambia mume wangu. Akawaza kidogo.

"Labda anaiacha saa nyumbani akienda kazini."

"Saa iliyoachwa mezani haina moyo."

Halafu akasema kitu ambacho sikukipenda: "Basi mwulize kama anaumwa."

Dada kuumwa? Dada akiumwa mji mzima unapewa taarifa.

Jumatano, 17 Aprili

Leo yametokea. Nayaandika yote, kama yalivyokuwa, kabla sijaanza kujipendelea.

Alipiga simu jioni, nikiwa namlisha Mama uji. Akaniomba nitoke chumbani. Nikajua. Nikasimama kibarazani, mvua inachuruzika bati zima.

"Nimepata sehemu," alisema. "Kituo cha kutunza wagonjwa, ni kizuri, wana wauguzi. Mvua zikiisha Mama apelekwe huko."

"Zikiisha, zamu ni yako."

"Sikiliza kwanza. Umechoka. Usiniambie hujachoka, naona. Usingizi wako umekatika vipande vipande, moyo wako unapanda kila siku. Unataka nije niwazike wawili?"

"Kwa hiyo saa ilikuwa ya hilo."

"Ya lipi?"

"Ya kunipima uone nimechakaa kiasi gani, upate sababu. Ungesema tu kwamba hutaki kumchukua mama yako. Ungesema kwa mdomo, Dada, kuliko kunifunga kengele kama mbuzi."

"Usinitukane. Mimi nina kazi, nina majukumu, natoka hapa asubuhi narudi usiku..."

Hapo nikashindwa kujizuia. Niliyatamka taratibu, na naona hilo ndilo lililouma.

"Hutoki, Dada. Leo umeamka saa tano. Jana saa nne. Ijumaa hukutoka kitandani kabisa. Siku ile uliyoniambia uko mkutanoni ulikuwa umelala. Nakuona kama unavyoniona. Msajili mzima unanidanganya ukiwa umejifunika shuka, wakati mimi nasimama nikipiga pasi mashuka ya watu kutwa!"

Nilisubiri anirudishie. Dada hajawahi kuniacha niseme la mwisho tangu nizaliwe. Nikasikia pumzi yake tu. Halafu simu ikakatika.

Nilirudi kumalizia uji. Mama alinitazama usoni muda mrefu.

"Nani?"

"Dada."

"Analia?"

Nikasema hapana, Mama, hajalia. Uji ulikuwa umeshapoa.

Alhamisi, 18 Aprili

Kaivua saa. Upande wake kwenye simu ni mweupe, hakuna mapigo, hakuna hatua. Vizuri. Tuone sasa atasema nini.

Ijumaa, 19 Aprili

Bado.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimempigia, haipokelewi. Kwanza nilidhani kanuna, maana Dada akinuna ananuna kwa ratiba. Lakini yeye hununa huku akituma ujumbe: kumbuka dawa za Mama, kumbuka mafuta ya mgongo. Safari hii hajatuma hata dawa.

Nimepiga chuoni kwake, ofisi iko wazi mpaka mchana. Nikaomba msajili. Akaja mwanaume.

"Namtafuta msajili mwanamke," nikasema.

"Ndiye mimi, mama. Yule aliyekuwepo aliondoka tangu Februari."

Aliondoka kwenda wapi, sikuuliza. Nilikaa kwenye kitanda cha Mama na simu mapajani. Nikawa nayarudia yote: zile simu za asubuhi, ile "tutaona", zile pumzi. Usiku huu nimefungua upande wake wa saa mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Niliwahi kutamani asinione kabisa. Leo natamani nimwone yeye, hata amelala.

Jumatatu, 22 Aprili

Jana mume wangu alifunga duka la kunyolea, akakaa na Mama, mimi nikapanda basi la alfajiri. Njia nzima nilikuwa na roho juu. Barabara ilikuwa imekatwa na maji mahali pawili, tukasubiri, nikafika mchana nimelowa mpaka kwenye mifupa.

Lango halikuwa limefungwa. Mapazia yote yalikuwa yameshushwa. Niligonga, nikagonga, mpaka kiganja kikawaka.

"Nani?" Sauti ilitoka karibu kabisa, nyuma ya mlango. Alikuwa amesimama hapo muda wote.

"Mimi. Fungua."

"Umekuja kunikagua?"

"Ndiyo," nikasema.

Akafungua. Dada yangu, ambaye huwezi kumkuta hata na uzi ulioning'inia, alikuwa kavaa gauni la kulalia na koti juu yake. Nywele hazijaguswa siku nyingi. Mlangoni mwa chumba zilitundikwa nguo zake za kazi, sketi na koti, zimenyooshwa vizuri sana. Mimi najua pasi. Zile zilinyooshwa zikanyooshwa tena, mpaka kitambaa kikaanza kung'aa.

Nilimkalisha, nikachemsha chai, nikafungua pazia moja tu kwa sababu alijikinga macho. Kisha akaanza mwenyewe.

Chuo kimeunganishwa na kingine. Nafasi za usajili zilikuwa mbili, ikabaki moja, si yake. "Waliniita, wakanipa soda, wakaniambia. Nilimaliza soda yote. Mpaka leo najiuliza kwa nini niliimaliza."

"Ukaja nyumbani?"

"Wiki ya kwanza nilivaa kila asubuhi nikatoka. Nilikuwa nakaa kwenye gari sokoni mpaka jioni. Wiki ya pili nikavaa, sikutoka. Baadaye sikuvaa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Wewe unamwinua Mama. Mimi nashindwa kuinua shuka. Nitamleta Mama humu, anione hivi? Atanigeukia aniulize kazini vipi, nimjibu nini?"

Nikamuuliza lililonisumbua tangu Machi. "Ile saa ulinipa unichunguze?"

Alishika kikombe kwa mikono miwili. "Nilikupa kwa sababu nakupenda. Na nikuchunguze. Mimi sijui kuyatenganisha hayo, mdogo wangu, nimeshindwa tangu utotoni." Kidogo akatabasamu. "Halafu ikawa kitu kingine. Asubuhi nafungua simu, naona moyo wako umepanda, nasema aha, pasi zimewaka. Adhuhuri umetulia, mnakula. Nikawa nakwenda kazini kwako. Sikuwa na kwingine."

"Na ulijua kwamba nami nakuona?"

"Mumeo alinieleza siku ile ile. Akasema hutagundua hata mwaka ukiisha, tukacheka. Baadaye nikawa naomba ugundue."

Sijui kama hilo ni kweli, au alilifanya kweli pale pale mbele yangu. Dada anajua kupanga maneno. Nimeamua kulichukua kama lilivyo.

Nilimwosha nywele. Leo asubuhi tumepanda basi pamoja. Zile nguo za kazi alitaka kuzibeba. Nikamwambia mkoba umejaa. Haukuwa umejaa.

Jumanne, 23 Aprili

Mama alimtazama mlangoni, akamtazama tena. Niliogopa hatamtambua.

"Kifungua," alisema mwishowe. "Umekonda."

Hajakonda hata kidogo, nguo zangu zote zinambana. Lakini Dada aliketi ukingoni mwa kitanda akafunika uso. Mama akapigapiga godoro kwa mkono wake mzima. Dada akajilaza kando yake na viatu vyake, wakalala wote wawili mpaka jirani alipoleta chakula.

Mume wangu nimemwambia siku nyingine akificha jambo nitamnyoa mwenyewe, na si kwa mkasi. Amekubali kosa upesi mno.

Jumatatu, 6 Mei

Dada ana siku zake. Ziko anazoamka kabla yangu, anapanga dawa za Mama kwa rangi, ananisahihisha namna ya kumgeuza ambayo nimeifanya mwaka mzima. Leo tumegombana juu ya mto: yeye anautaka mgongoni, mimi katikati ya magoti. Mama akasema, "Wekeni... miwili." Ziko na siku asizoinuka mpaka nimvute. Muuguzi wa zahanati amemwandikia aende kuongea na daktari wa mambo ya akili. Ameenda mara mbili. Mara ya kwanza nilimfuata kwa nyuma mpaka nikamwona ameingia.

Saa yake ameivaa tena, na bado naangalia simu, ilhali yuko chumba cha pili. Leo jioni nilimwona kwenye simu anatembea, nikachungulia dirishani kuhakikisha. Alikuwa anatembea kweli, uani, na mwavuli wangu.

Jumatano, 15 Mei

Tumekwenda wote wawili kwa fundi simu, akatutenganisha. Kila mtu na akaunti yake. Dada ndiye aliyetaka. Yule msichana alitutazama akauliza, "Na huyu ndiye wa usingizi?" Dada akasema, "Ndiye." Akacheka mpaka akashika kaunta.

Mama atabaki kwangu. Dada atarudi kwake, na kila mwezi atakuja kukaa wiki mbili, usiku uwe wake. Nilimwambia nikiona dalili ya "tutaona" nitaanza kumfuata tena.

Jumatano, 29 Mei

Jua siku ya tatu. Mashuka yanakauka kabla hujageuka. Dada ameondoka Jumapili.

Leo saa nne asubuhi nilimpigia nikiwa kazini. Sina pa kuchungulia tena, ikabidi niulize.

"Umeamkaje?"

Nilingoja aniambie salama, yuko nje, anatembea. Nilikuwa tayari kutomwamini.

"Vibaya," alisema. "Leo vibaya. Niko jikoni nimesimama tu, vyombo vya jana vinanitazama."

Nikazima pasi. Nikawafanyia wenzangu ishara waendelee, nikaketi juu ya kapu la foronya.

"Usikate simu. Iweke mezani, ufungue bomba nisikie."

"Kwani huniamini?"

"Sikuamini."

Nikasikia simu ikiwekwa. Hatua chache. Kisha maji yakatoka kwa nguvu, na sahani ya kwanza ikagonga sinki.